Mume wangu anasema mbegu si chakula

Mama Mshauri,

Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo lilianza jikoni na sasa limeenea nyumba nzima. Sisi ni familia ya watu wanane: mume wangu, mimi, watoto watano ambao mdogo wao ana miaka mitatu, na mama mkwe wangu mwenye miaka 66. Tulikimbia Kivu ya Kusini, tukaishi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa miaka mingi, na mwaka 2019 tukaletwa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Sote tulioletwa tumekwisha kupata kadi ya kijani, kibali cha ukaaji wa kudumu, na mume wangu ameanza kukusanya karatasi za kuombea uraia. Yeye anafanya kazi ya usiku kiwandani, mimi nafanya usafi kwa saa chache wakati watoto wako shuleni, na kwa kuwa mapato hayo hayatoshi watu wanane, tunapokea msaada wa chakula wa SNAP kupitia kadi.

Shida yetu ya kwanza ni kwamba kadi hiyo huisha kabla ya mwezi kwisha, na nikiangalia risiti naona kinachoimaliza ni mboga za majani. Mama mkwe hali mboga za kopo wala saladi, ambayo anaiita majani ya sungura. Kwa hiyo kila wiki ninanunua sombe (kisamvu) iliyogandishwa na mafungu ya lengalenga (mchicha) katika duka la vyakula vya Kiafrika, fungu dogo kwa dola 4, na likishachemka linabaki kiganja kimoja ambacho hakiwezi kugawanywa kwa watu wanane. Kufika tarehe 20 tunabaki na mchele, unga na maharage, na watoto wanaanza kula vitu vya pakiti.

Kule Nyarugusu mama mkwe alikuwa na matuta nyuma ya nyumba, na mgao ulipopunguzwa ni matuta hayo yaliyotuokoa. Mboga nyingine aliuza, akanunua sabuni na chumvi. Tangu tufike hapa anakaa dirishani akiutazama ua, na siku moja aliniambia, “Nchi ina udongo mweusi namna hii, halafu ninyi mnanunua lengalenga kwa kupimiwa?” Sikuwa na jibu.

Mwaka jana mwezi wa tano jirani yetu Mrundi aliniambia kwamba kadi ya chakula inaweza kununua mbegu. Nilikwenda duka kubwa, nikachukua pakiti tatu za mbegu na miche minne ya nyanya. Keshia alizipitisha mbegu, lakini miche akaikataa, akasema hiyo ni mimea ya bustani wala si chakula. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, Kiingereza changu kikanipotea, nikaiacha miche pale pale na kuondoka nikiona aibu. Mume wangu aliposikia alikasirika sana. Anasema kwamba nimetumia kadi ya serikali kwa kitu kisicho chakula, kwamba huo ni udanganyifu, na kwamba siku ya mahojiano ya uraia wataufungua ukurasa huo na kutuuliza. Zile mbegu alizifungia kabatini na hazijapandwa hadi leo.

Mama mkwe kwa upande wake hajakubali kushindwa. Amekwisha kuhesabu akina mama wa kwaya ambao watanunua lengalenga yake baada ya ibada, na mwingine amemlipa dola 5 kabisa, mboga ikiwa bado haijaota. Jirani anatuambia kuna mtu alinyang’anywa kadi kwa kuuza vitu. Nyumba yetu ni ya kupanga, ni ya zamani, rangi ya ukutani inabanduka upande wa ua, na mwenye nyumba hatujamuuliza lolote.

Naomba unieleze: je, nilivunja sheria? Keshia alikuwa na haki ya kunikataa? Mama mkwe aruhusiwe kulima na kuuza? Na je, kweli bustani inaweza kutupunguzia gharama, au nitakuwa nimeongeza ugomvi juu ya njaa?

Mama wa Watano, Grand Rapids

JIBU

Mama wa Watano, mwanangu,

Nianze na mumeo, kwa sababu hofu yake ndiyo iliyozifungia mbegu kabatini. Amekosea kuhusu mbegu, lakini wasiwasi wake wa jumla, kwamba kadi ya serikali isichezewe wakati mtu anaomba uraia, ni wa haki kabisa, na utaona nikifika kwenye suala la kwaya kwamba huko yuko karibu na ukweli kuliko mama yake.

Hukuvunja sheria. Tangu mwaka 1973, wakati msaada huu ulipokuwa bado unatolewa kwa vitabu vya stempu za karatasi, Bunge la Marekani liliruhusu kwamba mbegu na mimea inayozaa chakula kwa ajili ya kaya yenyewe inunuliwe kwa msaada huo, na ruhusa hiyo imebaki hata baada ya stempu kugeuka kadi na mpango wenyewe kubadilishwa jina kuwa SNAP mwaka 2008. Kwa maneno mengine, machoni pa sheria hii pakiti ya mbegu za lengalenga ni chakula sawa na fungu la lengalenga. Mche wa nyanya ni chakula, mche wa pilipili ni chakula, mche wa mti wa tufaha ni chakula, na hata kikopo cha rihani kinachokaa dirishani kimo. Visivyoruhusiwa ni maua ya mapambo, udongo wa mifuko, mbolea, ndoo, majembe na mbegu za kulishia ndege. Mwonyeshe mumeo kurasa za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo inayosimamia SNAP, kwa kuwa wizara hiyo imeyaandika haya waziwazi kwenye orodha yake ya vitu vinavyoruhusiwa, nawe hutahitaji kubishana naye kwa maneno yangu.

Kuhusu uraia, kuna kitu ambacho wakimbizi wengi huambiwa nusunusu. Kile kipimo cha kumwangalia mtu kama atakuwa mzigo kwa serikali hakiwahusu watu walioingia kama wakimbizi, na katika maombi ya uraia kipimo hicho hakimo hata kidogo. Kupokea msaada wa chakula ambao mmestahili, kwa majina yenu ya kweli na kwa mapato mliyoyataja, si doa. Doa ni kudanganya, na hapo mumeo asiache kuwa mkali. Kama bado ana mashaka, aende kwenye shirika linalotoa msaada wa kisheria wa uhamiaji bila malipo au kwa bei ndogo, kabla ya kuwasilisha fomu, akaulize ana kwa ana.

Hapa niwatajie wasomaji wengine jambo ambalo ninyi limewapita kwa bahati. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa katika SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani, ingawa waliingia nchini kwa njia halali na kwa mwaliko wa nchi yenyewe. Anayesoma haya akiwa katika hali hiyo asijilinganishe na familia ya dada huyu, na kama ana mjamzito, mama anayenyonyesha au mtoto wa chini ya miaka mitano nyumbani, aulizie WIC, mpango wa lishe wa akina mama na watoto wadogo, ambao una utaratibu wake tofauti na una fungu la matunda na mboga. WIC hainunui mbegu. Kwako wewe pia, mtoto wako wa miaka mitatu bado yumo katika umri huo, kwa hiyo kama hujamwandikisha, uliza.

Sasa keshia. Hakuwa na haki ya kuikataa miche ya nyanya, lakini sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya, kwa sababu katika maduka makubwa kila kitu kina namba yake ndani ya mashine, na mara nyingi miche huingizwa chini ya idara ya bustani pamoja na maua na vyungu, hivyo mashine inakataa kadi na keshia anaamini mashine. Unachopaswa kufanya ni kuepuka kaunta ya nje ya idara ya bustani na mashine za kujilipia mwenyewe, upeleke miche kwenye kaunta ya kawaida ya vyakula, na ikikataliwa umwombe kwa upole amwite msimamizi wake. Ili Kiingereza kisikupotee tena, muombe mtoto wako mkubwa akuandikie kwenye karatasi sentensi moja inayosema kwamba mmea huu unazaa chakula na SNAP inauruhusu, nawe uitoe karatasi hiyo kama unavyotoa kitambulisho. Foleni iliyo nyuma yako itasubiri dakika mbili. Jambo jingine: duka lenyewe lazima liwe limeidhinishwa kupokea SNAP, na maduka mengi yanayouza vifaa vya ujenzi na bustani peke yake hayakuidhinishwa kwa sababu hayauzi vyakula vya kawaida, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda huko na kadi.

Lakini kabla hujainunua hiyo miche, naomba tuzungumze kwanza juu ya fungu la lengalenga la dola 4, kwa sababu bustani haitakupa mboga hadi mwezi wa sita, na watoto wanakula leo.

Grand Rapids ina soko la wakulima la mtaa wa Fulton, ambalo lipo tangu mwaka 1922 na linapokea kadi yenu, ile ambayo Michigan huiita Bridge Card. Mwuzaji mwenye meza ya kabichi hana mashine ya kadi yako. Unakwenda kwanza kwenye kibanda cha ofisi ya soko, unataja kiasi unachotaka kutumia, kadi inapitishwa na unaweka namba yako ya siri, kisha unapewa tokeni ambazo unazitumia mezani kama fedha. Ukiwa hapo kibandani, uliza juu ya mpango wa Double Up Food Bucks. Mpango huu ulianzia Detroit mwaka 2009 katika masoko machache ya wakulima, na kazi yake ni rahisi kuelezwa: kwa kila dola ya SNAP unayoitumia, unapewa dola nyingine ya kununulia matunda na mboga, mpaka kufikia kikomo cha siku hiyo. Dola 10 zinakuwa 20 za mboga. Hakuna fomu mpya ya kujaza na hakuna anayekuuliza umetoka nchi gani. Yapo pia maduka ya kawaida ya vyakula huko Michigan yanayoshiriki, na bango huwa mlangoni au kwenye kaunta.

Mwambie mama mkwe aende nawe, kwa sababu atatambua vitu ambavyo wewe umevipita. Yale majani mapana ambayo Wamarekani huyaita collards, chakula kikubwa cha Wamarekani Weusi wa kusini, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, na ukiyakatakata membamba, ukayakaanga na kitunguu na nyanya, sijaona mtu wa Kigoma aliyeyakataa. Majani ya bitiruti mara nyingi wakulima huyakata na kuyatupa mbele ya mteja, na ukiomba usikatiwe unapata mboga mbili kwa bei ya moja. Tembeleeni pia maduka ya Waasia, kwa kuwa Wachina na Wavietinamu wanakula lengalenga na matembele kama sisi, nao huyauza kwa mafungu manene wakati wa kiangazi. Duka la Kiafrika libaki kwa ajili ya sombe na mawese, vitu ambavyo huwezi kuvipata kwingine. Ninasema hivyo bila kuwalaumu wenye maduka hayo, ambao mboga yao imesafiri mbali na inaharibika haraka, lakini kadi yako haiwezi kuibeba safari hiyo kila wiki.

Mama mkwe mwenyewe, kwa kuwa amepita miaka 60, anaweza kuwa na haki ya mpango mwingine wa serikali wa wazee, unaotoa hati za kununulia mazao moja kwa moja kwa wakulima wakati wa msimu, kwa wenye kipato kidogo. Hati hizo huwa zinakwisha mapema. Muulizie katika ofisi ya huduma za wazee ya wilaya yenu mwezi wa nne, msingoje mwezi wa saba.

Ukishayapanga hayo, sasa ua. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote, kwa sababu umeandika kwa kupita tu kwamba nyumba ni ya zamani na rangi inabanduka, nami niliposoma sentensi hiyo nilisimama. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za kuishi za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya hapo zina rangi hiyo chini ya tabaka za rangi mpya. Inapobanduka huanguka kwenye udongo wa kando ya ukuta na kukaa humo miaka na miaka, kwa sababu madini hayo hayaozi. Mtoto wa miaka mitatu anayecheza na kutia vidole mdomoni ndiye anayedhurika zaidi, kwani risasi huharibu ubongo unaokua, wala haina dalili za mapema ambazo mama anaweza kuziona. Mboga za majani, ambazo ndizo mama mkwe anazozitaka, ziko karibu na ardhi, hurukiwa na udongo mvua inaponyesha, na lengalenga hasa ni mmea unaofyonza madini kutoka udongoni. Udongo mweusi anaousifu dirishani unaweza kuwa mzuri na unaweza kuwa na sumu, na macho hayawezi kutofautisha.

Kwa hiyo asipande chochote ardhini kabla udongo haujapimwa. Chuo Kikuu cha Michigan State kina idara ya ugani, yaani mabwana shamba wa huko, na idara hiyo huuza vifurushi vya kupimia udongo vinavyotumwa kwa posta. Mnapoagiza, semeni wazi kwamba mnataka kipimo cha madini ya risasi, kwa sababu kipimo cha kawaida huangalia rutuba tu, na kama wao hawakifanyi waulizeni maabara inayokifanya. Na huyo mtoto mdogo, muombe daktari wake ampime damu kwenye ziara ijayo, bustani iwepo au isiwepo. Mwenye nyumba naye aombwe ruhusa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na katika ujumbe huo huo mtaje rangi inayobanduka.

Wakati mnasubiri majibu, na pengine kwa mwaka wote huu wa kwanza, limeni kwenye ndoo. Najua mama mkwe atacheka. Lakini ndoo ya lita 19 iliyotobolewa matundu chini inabeba mnyanya mmoja mpaka mwezi wa kumi, na sanduku la mbao la kina cha shubiri moja linaotesha lengalenga ya kukatwa kila wiki. Sehemu za mikate na keki katika maduka makubwa hubaki na ndoo za plastiki zilizowekewa vyakula, na mara nyingi huzitoa bure au kwa dola moja kwa anayeomba. Udongo wa mifuko ndio gharama ya kweli, na huo kadi hailipi, kwa hiyo mwaka wa kwanza mtatoa fedha taslimu mfukoni na faida haitakuwa kubwa. Nisingependa uanze ukiamini kwamba bustani italipa pengo la tarehe 20 mwaka huu. Soko litaliziba zaidi. Bustani itaanza kuhesabika mwaka wa pili, udongo ukiwa umekwisha kununuliwa.

Sasa majira. Nyarugusu mama mkwe alifuata mvua. Grand Rapids atafuata jalidi, ile baridi ya usiku inayochoma majani yakawa meusi asubuhi. Jalidi ya mwisho kwa kawaida ni katikati ya mwezi wa tano, na wenyeji wengi hungoja sikukuu ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo, ndipo watoe nje nyanya na pilipili. Sukuma wiki haiogopi: ipandwe mwezi wa nne, na majani yake huwa matamu zaidi baada ya jalidi ya vuli. Lengalenga na kunde zinataka ardhi yenye joto, ngojeni mwezi wa sita unapoanza, kisha mtashangaa, kwa sababu siku za kiangazi kule zina mwanga wa saa 15 na lengalenga iliyozoea saa 12 za Kigoma hukimbia kama imefukuzwa. Baada ya wiki nne mnaanza kupunguza miche na kuila. Muhogo usahau, baridi itauua kabla haujatoa majani ya kutosha kutwangwa.

Kuna mbegu ambazo umekuwa ukizinunua kwa kadi siku zote bila kujua. Kunde kavu za mfuko, zile zenye jicho jeusi, zikiwa hazijapasuliwa huota, na majani yake unayajua. Kiazi kitamu ni chakula hakuna keshia atakayekibishia. Kichomeke vijiti vitatu ubavuni, kikae kwenye glasi ya maji dirishani nusu yake ikiwa imezama, kitatoa machipukizi ambayo ukiyavunja na kuyatia majini yanaota mizizi, na hayo ndiyo matembele yenu. Vitunguu majani, mkishakata sehemu ya kijani, vichwa vyake virudishwe kwenye udongo. Na mama mkwe akiona magugu yenye majani yanayofanana na lengalenga pembezoni mwa mashamba ya Michigan, macho yake hayamdanganyi, ni jamaa wa lengalenga, na wakulima wa kule wanatumia fedha nyingi kumwua. Asiyachume, kwa sababu yanaweza kuwa yamepuliziwa dawa. Nilitaka tu ajue kwamba hajaingia nchi ya ugenini kabisa.

Tumebakiwa na kwaya. Mbegu inayonunuliwa kwa SNAP ni kwa ajili ya chakula cha kaya yenu, na sheria imesema hivyo. Kuuza mboga zilizotokana na mbegu hizo ni kugeuza msaada wa chakula kuwa fedha, na hapo mumeo ana haki ya kupandisha sauti. Sina hakika kwamba kuna afisa atakayehesabu majani ya kanisani, lakini si jambo la kubahatisha mwaka ambao mtu anaomba uraia. Njia iliyonyooka ipo nayo ni nafuu: mbegu za kuuza zinunuliwe kwa fedha taslimu, pakiti moja ni dola 2 au 3, risiti iwekwe, zipandwe kwenye masanduku yake peke yake, na mapato yatajwe mnapojaza fomu za kuhuisha kadi. Mwaka huu, kwa kuwa masanduku ni machache, ningemwomba mama asiuze kabisa, ale na wajukuu wake kwanza, na zile dola 5 za mwimbaji azirudishe Jumapili hii.

Umwambie wewe, au amwambie mwanawe? Amwambie mwanawe. Lakini asimwambie kwa maneno ya sheria na udanganyifu aliyokuambia wewe. Mama huyu alilisha nyumba yenu kwa mikono yake wakati mgao ulipopungua, na sasa anakaa dirishani akihesabu wateja kwa sababu hana kazi nyingine ya kuhesabu. Mumeo achukue ufunguo, afungue kabati, amkabidhi mamaye zile pakiti tatu mkononi, amwambie kwamba alikosea na kwamba anaomba afundishwe kutoboa ndoo. Mbegu za mwaka mmoja bado zinaota. Wajaribu kwa kuweka kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, na zikiota saba hakuna haja ya kununua nyingine.

Na wewe leo ukienda dukani, chukua viazi vitamu viwili zaidi. Vinahitaji wiki sita hivi majini kabla havijatoa miche ya kutosha, na mwezi wa sita hauko mbali.